Nyapara Asiye na Fimbo

Hadithi za mkonge ninazopewa nizisome na vijana wenzangu wa Hale zina nyapara yuleyule: kofia ya jua, kifimbo, matusi. Mkata mkonge analia, msomaji analia, hadithi imekwisha. Sina ugomvi na machozi. Ila huyo nyapara, jamani, amezeeka. Wa leo anatabasamu, anakwambia "sisi hapa ni ndugu", na ikifika Ijumaa anakuomba kesho uje "ujitolee kidogo".

Kwa sababu hiyo nimeirudia Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979. Mabwana wa bandari ya Unguja mle ndani hawaombi mtu kujitolea. Wanaamuru. Ndiyo maana Rashidi, kijana ambaye mwanzoni hajafunguka macho, anaweza kumjua anayemnyonya, na riwaya ikatembea mpaka mgomo wa 1948. Hapo ndipo kwenye nguvu ya kitabu, na hapohapo ndipo kinapotuacha njiani sisi wa leo. Utamgomea vipi mtu anayekushukuru?

Halafu litazameni neno lenyewe. Kijiji kikitoka msaragambo kuchimba msingi wa shule, huko ni kujitolea. Ile "ji" iko mahali pake, mtoaji ni mwenyewe. Bosi akitangaza "kesho tutajitolea", kisha karani akawa anaandika nani hakuja, "ji" imeshatoka hapo. Kimebaki kutolewa. Mwandishi mwenye sikio angepata sura nzima ndani ya silabi hiyo moja.

Manamba walioletwa mashambani kwetu enzi za Mwingereza walikuwa na kipande: siku 30 za kazi, zimalizwe ndani ya siku 42. Usipotimiza kazi ya siku, huwekewi alama. Ukatili mtupu, msinielewe vibaya. Lakini ukatili ule uliandikwa kwenye kadi, na babu aliweza kukuonyesha. Saa za kujitolea haziandikwi popote. Mimi nimefanya Jumamosi nyingi za bure kwenye ofisi moja (siitaji), na leo ukiniuliza niliwapa saa ngapi, sina hata kikaratasi. Sheria ya ajira ya 2004 inataka saa za ziada ziwe za makubaliano na zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sawa. Nani alizihesabu?

Basi mnaoniletea miswada, nileteeni Jumamosi moja. Bosi mpole, soda za bure mezani. Mfanyakazi ana mtoto mgonjwa nyumbani, anatupia jicho saa ya ukutani, anaogopa kuaga kwa kuwa mkataba wake unaisha mwezi ujao. Asipigwe mtu. Mimi nataka kusikia atamwambia nini mkewe usiku, akiulizwa pesa ya leo iko wapi.