Fundi Anayeihoji Breka

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa cha Unguja kilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara. Hoteli, maduka na nyumba zenye uwezo zikaishi kwa jenereta. Wakati kama huo ndipo thamani ya fundi umeme hodari inapoonekana, kwani jenereta inaweza kunguruma vizuri, mafuta yamejaa, na taa zisiwake kwa sababu breka imejikata.

Fundi mwenye pupa huipandisha tena. Ikigoma, huing'oa na kufunga kubwa zaidi, na waya uliopangiwa ampea 20 ukaachwa ubebe 40. Moto huanzia hapo.

Fundi stadi huuliza kwanza: imejikata baada ya muda gani? Ndani ya breka ya kawaida mna walinzi wawili. Bamba la metali mbili hupinda taratibu likipata joto. Koili ya sumaku hufyatua papo hapo mkondo unaporuka. Breka iliyohimili dakika kumi ndipo ikashuka inalalamikia mzigo uliozidi, au skrubu iliyolegea na kuchemsha ncha ya waya. Iliyokata mara moja inaelekeza kwenye shoti, au kwenye mota inayoanza kuzunguka. Pampu ya maji ikiwashwa huweza kuvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Breka ya aina B hufyatuliwa na sumaku kwenye mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, aina C kwenye mara 5 hadi 10.

Je, basi kila mahali ifungwe C? Hapa ndipo ujuzi unapojipambanua. Jenereta ya kVA 5 kwa volti 230 hutoa ampea 22 hivi. Breka ya C20 inahitaji ampea 100 hadi 200 ili sumaku yake ifanye kazi, na jenereta ndogo huenda isifikie kiasi hicho hata waya zikigusana. Shoti ambayo kwenye gridi ingekatwa kufumba na kufumbua, kwenye jenereta inaweza kuendelea kuchoma waya. Fundi anayelijua hili huchagua breka kwa kuangalia chanzo cha umeme pamoja na mzigo.

Kuna pia kikata cha miliampea 30, kinacholinda watu dhidi ya umeme unaovuja. Kikitulia kwenye gridi lakini kikaruka jenereta inaposhika, fundi hufuatilia nyutro: mara nyingi za saketi mbili zimechanganywa, mkondo unatokea huku na kurudi kwingine.

Kwenye inverta hatari hubadilika sura. Inverta ya wati 3000 kwenye betri za volti 24 huvuta zaidi ya ampea 125. Mkondo wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa betri haupiti sifuri kamwe, hivyo breka ya ukutani ikifungwa hapo inaweza kufunguka na cheche iendelee kuwaka ndani yake.

Kazi hii inastahili heshima. Fundi wa kweli haondoki taa zinapowaka tu: huwasha pampu na friji kwa pamoja, hupima mkondo kwa klampu, hukaza skrubu zote, kisha huandika kwenye ubao kila breka inahudumia nini, ili fundi atakayefuata asianze kwa kubahatisha.