Maji Yakijaa Mida

Atakaye kupiga picha za ndege katika hori ya Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, na ajue bamvua na maji mafu kabla hajazoea vitufe vya kamera yake. Bahari ikipwa, hori hubaki uwanja mpana wa matope na mchanga. Ndege hutawanyika humo kutafuta kaa na minyoo, na huenda mbali kiasi kwamba hata lenzi ndefu huwaonyesha kama vitone tu. Maji yakianza kujaa, uwanja hupungua. Ndege husogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, kwenye mikoko, na aliyejilaza pale mapema akatulia huwaona wakimjia wenyewe.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani hii hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Saa kumi jioni jua limeanza kulegea, kwa hiyo aliyepanga siku yake kwa hesabu ya mwezi hupata ndege walio karibu na mwanga laini kwa wakati mmoja. Aliyekuja siku za maji mafu atakuta maji yanajaa kwenye saa nne, jua limekwisha kuwa kali, tena hayapandi sana, hivyo ndege hawana sababu ya kusogea. Wavuvi wa Watamu wanaijua hesabu hii bila kufungua jedwali. Anayeanza kupiga picha angefanya vyema kukaa nao kwanza.

Naupenda ufundi huu kwa sababu haumruhusu mtu kubaki mgeni. Wanaoanza huuliza wanunue lenzi gani, na swali lao si baya. Jibu langu ni kwamba yoyote inayofika milimita 300 inatosha, hata ikiwa imeshatumika, iegemezwe juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele ili mkono usitetemeke. Fedha iliyobaki iwe nauli ya kurudi mahali pale pale. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za sokwe aliokuwa akiwachunguza Jane Goodall, baadaye alipiga kambi Ndutu, ukingoni mwa Serengeti, akaishi kwenye mahema huko kwa miongo kadhaa. Alifariki mwaka 2002 akazikwa Ndutu. Picha na filamu zake za mbwa mwitu, fisi na bweha zina uzito ambao mpita njia haupati, kwa kuwa aliwajua wanyama wale mmoja mmoja na alijua yupi ni mama wa nani.

Turudi Mida, tulale kifudifudi. Nasema tulale, kwa kuwa hakuna badiliko lingine linaloinua picha za anayeanza kwa haraka namna hii. Ukisimama, lenzi inamtazama ndege kutoka juu, na nyuma yake ni matope yaliyo karibu naye mno, nayo huonekana wazi pamoja na kila ganda la chaza na kila alama ya mguu. Ukilala, lenzi inakuwa usawa wa jicho lake, na kilicho nyuma yake sasa ni mikoko ya ng'ambo ya maji, mbali sana, ambayo huyeyuka ikawa ukungu wa kijani. Ndege yule yule, kamera ile ile, ila sasa ametengana na ulimwengu wake vya kutosha kuonekana. Fokasi iwe kwenye jicho. Jicho likiwa na nukta ndogo ya mwanga ndani yake, mtazamaji humsamehe mpigapicha mambo mengine mengi.

Kisha kuna weupe. Yangeyange ndiye mwalimu mkali kuliko wote wa pwani, naye hapatikani Mida peke yake. Yupo nyuma ya ng'ombe, yupo jalalani, yupo kando ya barabara. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa, kina rangi ya kijivu cha wastani. Ikimwona yangeyange mmoja katikati ya matope meusi, hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na manyoya yake yote hugeuka bamba jeupe lisilo na mstari hata mmoja. Weupe uliopotea namna hiyo haurudishwi na programu yoyote ya kompyuta. Dawa yake ni kupunguza mwanga kwa makusudi, hatua moja au zaidi, na kutazama grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera badala ya kuiamini picha yenyewe, ambayo chini ya jua hudanganya. Kunguru hufundisha somo hilo hilo kwa njia nyingine. Akijaza picha kwa weusi wake, kamera huongeza mwanga mpaka anakuwa wa kijivu. Aliyewapiga picha hawa wawili mpaka wote wakatoka na manyoya yao hahitaji kuogopa ndege mwingine yeyote. Simba na tembo ni rahisi zaidi.

Mwanga mzuri wa nchi zetu ni mfupi, na hili halisemwi vya kutosha. Miongozo mingi ya upigaji picha imeandikwa na watu wa kaskazini, ambako jua hupanda kwa mshazari na rangi ya dhahabu hukaa muda mrefu. Mida ipo kusini kidogo tu ya ikweta. Jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na kupanda karibu wima. Kufika saa mbili vivuli vimekuwa vigumu, na kufika saa tatu joto limeanza kupanda kutoka matopeni, hewa inachezacheza mbele ya lenzi, na picha ya ndege aliye mbali hutoka kama imechorwa juu ya maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hali hiyo. Mtu afunge mfuko wake, aende kunywa chai, au apite kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, ambalo kiingilio chake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vya jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Upepo nao una hesabu yake, na kwangu hapa ndipo ufundi huu unapokuwa mtamu zaidi. Ndege huruka na kutua akiukabili upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma, na asubuhi jua nalo liko mashariki, kwa hiyo mtu anaweza kuvipa vyote viwili mgongo. Ndege wanaotua huja uso kwa uso naye, wamejaa mwanga. Jioni mambo ni mengine. Jua limehamia magharibi na upepo haujahama, hivyo ukilipa jua mgongo, ndege anatua akikuonyesha mkia. Mimi huchagua kuweka jua ubavuni. Nusu ya bawa huingia kivulini, ndiyo, lakini unyoya mmoja mmoja hujitokeza.

Kwa ndege anayeruka, kasi ya 1/2000 ya sekunde hutosha. Anayetembea huridhika na 1/500. Lakini kasi ya kamera si kitu iwapo kidole kimengoja kuona. Jicho likishaona bawa limefunguka, nafasi imepita. Lazima ujue kabla, na ndege husema kabla. Hunyoosha shingo, hugeukia upepo, huinama kidogo, mara nyingi hutoa kinyesi. Anayeyasoma hayo hubonyeza wakati ndege bado yuko chini.

Ishara hizo hizo humwonya mtu asogee au asisogee. Vitwitwi wakiacha kula, wakainua vichwa na kukusanyika, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Wengi wao ni wageni kutoka nyanda baridi za Siberia, na kufika Machi wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kuzaliana. Kila wanaporushwa bure hutumia akiba ambayo wangeihitaji angani. Picha ya kundi zima likiruka kwa hofu hupendwa sana. Mimi siipendi, na nikiiona najiuliza nani aliwakimbiza. Wavuvi wapitao kwa miguu kwenye matope hawarushi ndege kama sisi, kwa kuwa wanapita kwa mshazari, polepole, bila kuwakazia macho. Nimeuiga mwendo huo na unafaa kuliko nguo yoyote ya rangi ya majani.

Mida ina ndege mmoja anayestahili subira hii yote. Ni yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi ulioumbwa kuvunja magamba. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba na Omani, ndani ya mashimo anayochimba mchangani, ambamo joto la mchanga husaidia kulea yai. Kisha huja kwetu na mtoto wake. Hata baada ya safari hiyo, mtoto bado huombaomba. Ana manyoya ya kijivu, anamfuata mzazi huku na huko kwenye matope akilia, na mzazi humkabidhi kaa. Tendo lenyewe ni la kufumba na kufumbua. Atakayelipata ni yule aliyemtambua mzazi mwenye mtoto tangu maji yalipokuwa mbali, akamwacha ashike kaa, akangoja ageuke, akijua kwamba mtoto yuko nyuma yake hatua chache.

Aprili ikiingia wakubwa huondoka. Wengi wa watoto wa mwaka wa kwanza hubaki, kwa sababu hawajafikia umri wa kuzaliana, na wageni wenye kamera nao huwa wameondoka. Mvua inanyesha, kusi linaanza kuvuma, ndege wanatua wakielekea upande mwingine, na mpigapicha aliyezoea ukingo mmoja wa hori hana budi kuvuka kwa mtumbwi hadi ng'ambo na kujifunza upya mahali pa kulala.