Lebo Inayoitwa Mtunya: Shajara, Mada na Miaka ya Ugogo

Mtu akiandika shajara kwenye simu kwa miezi sita hivi, lazima afike mahali aulize: haya maandishi yote nayapangaje? Programu zenyewe zina jibu tayari. Day One inakupa madaftari na lebo. Joplin hali kadhalika, tena bure. Obsidian inahifadhi kila andiko kama faili la maandishi matupu ndani ya kifaa chako, kisha unaliunganisha na mengine upendavyo. Zote zinakusukuma upande mmoja: panga kwa mada. Afya huku, pesa huku, familia kule. Mimi jibu hilo nalikubali nusu tu, na nusu ninayoikataa nitaielezea kutoka Chamwino, maana huku tarehe na mada zina historia yake.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Daftari ni kama kabati: andiko likiingia humo, haliko kwingine. Lebo ni kama jina la utani: mtu mmoja anaweza kuwa nayo matano na bado akabaki yuleyule. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uone ukurasa wenyewe.

Tuchukue ukurasa wa kubuni, wa kijana wa Handali, mwezi wa pili. Mvua imekatika wiki ya tatu sasa, majani ya mtama yameanza kujikunja. Baba kapeleka ng'ombe wawili mnadani, bei mbaya. Ada ya mdogo wake imelipwa nusu. Jioni bibi kakataa ugali, anasema ameshiba. Basi, mistari minne. Sasa kijana wetu ni mtu wa mpangilio: anaukata ukurasa vipande, kila kipande anakipeleka kwenye daftari lake. Mvua. Mifugo. Shule. Bibi. Baada ya miaka mitatu anafungua daftari la Bibi na anamkuta kizee mwenye visirani anayesusa chakula. Kilichomfanya bibi aseme ameshiba kimebaki kwenye Mvua na Mifugo. Alikuwa anawaachia wajukuu. Hakuna sentensi hata moja iliyofutwa, lakini kisa hakipo tena.

Lebo zingeweza kumwokoa: ukurasa mzima, lebo nne, bibi amekaa karibu na mtama wake. Lakini lebo nazo zina tabia yake. Ukishaziandaa mapema (na mtandaoni zimejaa orodha za kunakili: Afya, Kazi, Mahusiano, Malengo) unaanza kuandika ili kuzijaza. Siku isiyo na lebo inaonekana kama haikuwa siku.

Wagogo walikuwa na lebo zamani sana, ila walizitoa kwa namna nyingine. Njaa ya 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Vita vya kwanza vya dunia vilipopita hapa, jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ukaja kukuta ghala tupu. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba kati ya watu 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000. Angalia sasa jina hilo linafanya kazi gani. Ni mada, maana linasema nini kilitokea. Ni tarehe pia, maana ukisema fulani alizaliwa wakati wa Mtunya, mzee anajua ni lini. Na ndani yake vita, mvua, ng'ombe na vifo vimekaa pamoja bila kukatwa vipande. Halikutoka kwenye orodha ya mtu yeyote. Waliopitia ndio waliolitoa.

Mathias Mnyampala alizaliwa 1917, Ihumwa, mwanzoni mwa njaa hiyohiyo. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Jina la kitabu lenyewe ni madaftari: historia huku, mila na desturi kule. Nakithamini mno, na nani huku asiyekithamini? Lakini hiyo ndiyo hasara ya aina hiyo ya uandishi popote pale: ndoa ikishawekwa chini ya mila, inakuwa ndoa ya kila mwaka, ya kushiba na ya njaa sawasawa. Mtu huyohuyo aliandika pia habari za maisha yake, *Maisha ni Kugharimia*, na hizo zilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake cha 1969. Nadhani alihitaji vyote viwili. Mada zilitosha kwa kabila. Kwa mtu mmoja hazikutosha.

Kwa hiyo, kwa wanaouliza watumie nini: andika kwa tarehe, ukurasa mzima, usiukate. Usiweke lebo siku hiyohiyo. Acha msimu upite, soma tena, ndipo utoe jina, tena liwe lako, si la orodha. Kwa kazi hiyo nawapa wa Obsidian alama ya juu, kwa sababu moja isiyo ya kifasihi kabisa: faili lenye tarehe kwenye jina lake litasomeka hata programu ikifa, na mjukuu hatahitaji nywila ya mtu. Day One ni nzuri zaidi kwa macho, na ile tabia yake ya kukuletea maandishi ya siku kama ya leo miaka iliyopita inanifurahisha, maana inaheshimu tarehe.

Na ule ukurasa wa Handali? Nisingeuita Bibi, wala Pesa. Ningesubiri mavuno, halafu nikamuulize bibi mwenyewe, kwa adabu, wao mwaka ule wanauitaje.