Kauli Isiyo na Idadi: Mantiki ya Methali na Masaibu ya Watalai wa Kericho

Aghalabu methali huhukumiwa kwa uzuri wa istiari yake na kwa mafunzo yaliyomo. Ni nadra kupimwa kama hoja, yaani kuulizwa yathibitisha nini. Hata hivyo, barazani methali haitajwi kwa ajili ya utamu tu. Hutajwa ili kumaliza ubishi.

Zichukuliwe methali mbili. "Dalili ya mvua ni mawingu" yakiri kwa neno lake la kwanza kwamba yahusu uwezekano, si hakika. Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hapotoshwi nayo: ajua kwamba wingu la alasiri laweza kuleta mvua ya kawaida, au mvua ya mawe iharibuyo majani ya chai, au lisilete chochote. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" haina tahadhari hiyo. Kitenzi kishirikishi "ni" chaunganisha kiima na kiarifu pasipo kubainisha kama ni kila mtoto, wengi, au baadhi. Kwa nyoka halisi pengo hilo halidhuru. Methali ihamishiwapo kwa wanadamu, huichukua hakika ya maumbile na kuibandika kwenye tabia. Hapo istiari hushika nafasi ya ushahidi.

Madhara ya mantiki hiyo yalionekana Kericho. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha wale iliowaita malaiboni. Ukoo wa Watalai, ulikotoka uongozi wa kiroho wa Wakipsigisi, ulishutumiwa kuchochea wizi wa mifugo na upinzani dhidi ya utawala. Mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, walihamishwa kutoka Kericho, ambayo wakati huo ilijumuisha Bomet ya leo, hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Sheria haikutaja nyoka, lakini hoja ni ile ile.

Hoja hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni kutoka kwa baadhi hadi kwa wote. La pili ni kuigeuza kauli: hata kama ingethibitika kwamba wachochezi wengi walikuwa Watalai, isingefuata kwamba Watalai wengi walikuwa wachochezi. Kila mvua hutanguliwa na mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Yaweza kujibiwa kwamba maana ya methali hutegemea muktadha, na kwamba kuipima kimantiki ni kuionea. Jibu hilo lina ukweli pale mzazi amtaniapo mwanawe kwa kurithi ujanja wake. Halifai pale adhabu ya mtu itegemeapo kauli hiyo. Aidha, wasemaji wenyewe huijua tofauti ya idadi. "Vyote ving'aavyo si dhahabu", ikisomwa neno kwa neno, yakanusha hata mng'ao wa dhahabu; lakini kila msikilizaji huielewa kuwa "si vyote".

Kwa hiyo, uhakiki wa methali hauna budi kuongeza swali moja: wangapi? Wengi wa Watalai waliorejea Kericho mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakuwa na ardhi. Mwaka 2022, miaka 88 baada ya sheria ile, wawakilishi wa Watalai na Wakipsigisi walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.