Shahidi Mwenye Pasipoti

Martha Gellhorn alikuwa mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyekwisha kuripoti vita vya Hispania kabla ya kufika Chekoslovakia mwaka 1938. Riwaya yake, A Stricken Field, ilitoka mwaka 1940. Leo husomwa kama hadithi ya kihistoria yenye taharuki, lakini ilipoandikwa jeraha lake lilikuwa bado bichi.

Mhusika mkuu, Mary Douglas, ni mwandishi wa habari wa kike anayefika Prague baada ya mapatano ya Munich ya Septemba 1938, ambapo Uingereza na Ufaransa ziliridhia Hitler apewe jimbo la Sudeten. Mji umefurika wakimbizi: Wayahudi, Wajerumani na Waaustria waliompinga Hitler. Sasa nao wanaamriwa waondoke, ilhali hawana pa kwenda. Anwani ya kitabu yaashiria uwanja wa mapigano, lakini ndani hamna pigano hata moja. Uwanja wenyewe ni vyumba vya baridi, foleni na milango ya ofisi.

Msomaji aliyezoea hadithi za taharuki hungojea shujaa aokoe watu. Mary hana woga wala uvivu. Huwaendea wakubwa, huomba, husihi, hukasirika. Hapati kitu. Hapo ndipo Gellhorn anapomtia katika mtihani ulio mzito kuliko hatari. Mfukoni mwake mna pasipoti ya Marekani, na kikaratasi hicho humtenga na Rita, mkimbizi wa Kijerumani anayempenda, kama bahari itengavyo visiwa. Atakaposhindwa, Mary atapanda ndege. Rita hana ndege ya kupanda. Aibu hiyo ndiyo roho ya riwaya.

Sura yenye nguvu kuliko zote ni ile ambayo Mary hayumo. Rita, akiwa mafichoni, anasikia Peter, mpenzi wake, akiteswa na maafisa wa Gestapo. Mhakiki mkali aweza kulalamika kwamba hapo msimulizi amemwacha mhusika wake mkuu. Lakini ripota hawezi kuandika ila aliloliona au aliloambiwa, na chumba kile hakikuwa na ripota. Gellhorn aliihitaji riwaya ili aingie mahali ambapo kalamu ya gazeti ingegota mlangoni. Tena hatuonyeshi mateso yenyewe. Twasikia pamoja na Rita, na kusikia bila kuweza kunyanyuka ni adhabu ya namna yake.

Kitabu kina kasoro. Hasira ya mwandishi mara nyingine hugeuka hotuba, na baadhi ya wakimbizi hupita haraka mno, wakabaki majina tu. Hata hivyo hasira hiyo haikumfanya adanganye. Mary anaondoka na karatasi za ushahidi alizozificha, na hatuambiwi kwamba karatasi hizo zitamwokoa mtu.

Historia ilitoa jibu lake: tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague. Riwaya ilipowafikia wasomaji, mji ule ulikwisha kutekwa. Ushahidi ulichelewa, na Gellhorn aliuandika huku akijua kwamba umechelewa. Anayeshika kalamu leo kuandika maafa ya wenziwe na akauliza kuna faida gani, hatapata faraja katika kitabu hiki. Atampata mtu aliyejiuliza swali lilo hilo, kisha akaendelea kuandika.