Mpinzani Aanze Kusema

Thomas wa Akwino alipofika kwenye swali la kuwapo kwa Mungu, jambo la kwanza aliloandika ni kwamba yaelekea Mungu hayupo. Mwandishi huyo ni mtawa wa Kidominiko, na kitabu chenyewe, Summa Theologiae, aliwaandikia wanaoanza kusoma teolojia. Anawawekea hoja mbili. Kama kungekuwa na wema usio na mpaka, uovu usingepata pa kukaa. Na uovu upo, kila mtu anauona. Halafu, yote yatokeayo duniani yanaelezeka kwa nguvu za maumbile au kwa utashi wa binadamu, basi Mungu wa nini? Karibu miaka 750 imepita, na asiyeamini akitaka hoja kali, sioni kama atapata kali kuliko hizo mbili zilizonolewa na mtakatifu.

Ufundi ninaousifu ni huo wa kumjengea mpinzani hoja yake kabla ya kumjibu. Karibu kila makala ya kitabu kile ina umbo lilelile. Linakuja swali la ndiyo au hapana. Zinafuata hoja za upande wa pili, aghalabu tatu. Inaingia kauli fupi ya kugeuza upepo, mara nyingi kutoka Maandiko au kwa Augustino. Hapo ndipo mwalimu anaposema la kwake, na akimaliza anarudi kwa kila pingamizi na kulijibu kwa zamu yake. Makala za namna hiyo zimo zaidi ya 2,600.

Umbo hilo lilitoka ukumbini. Katika Chuo Kikuu cha Paris cha karne ya 13, mdahalo ulikuwa kazi ya mwalimu sawa na kufundisha na kuhubiri. Mwanafunzi wa ngazi ya juu alisimama kuzijibu hoja zilizomiminwa na waliohudhuria, na katika kikao kingine mwalimu alizikusanya zote akatoa uamuzi wake. Majilio na Kwaresima kulikuwa na vikao ambamo yeyote aliruhusiwa kuuliza lolote. Thomas aliwahi kuulizwa kipi kina nguvu zaidi: ukweli, divai, mfalme au mwanamke. Alijibu kwa utulivu uleule aliojibia maswali ya Utatu.

Wengi wetu tukieleza hoja ya mtu tusiyekubaliana naye, tunaidhoofisha kwanza ndipo tuiangushe. Nenda kwenye mihadhara ya dini ya viwanjani, Wakristo upande huu na Waislamu upande ule: umati unangoja aya ya kumfunga mtu mdomo, na ikisomwa ni shangwe. Thomas alisoma vitabu vya Waislamu kwa namna nyingine. Anamtaja Ibn Sina mara kwa mara, na anamwita Ibn Rushd Mfafanuzi tu, kana kwamba mfafanuzi mwingine wa Aristotle hayupo. Mwaka 1270 alipowashambulia walimu wa Paris waliomfuata Ibn Rushd, wakidai kwamba akili ni moja tu kwa watu wote, alikuwa mkali kwelikweli. Hata hivyo alitangaza kwamba atawapinga kwa hoja za wanafalsafa wenyewe, bila kujificha nyuma ya hati za imani.

Ugomvi ule haukuwa mdogo. Kama akili ni moja kwa wote, basi anayefikiri si Asha wala Juma. Thomas alishikilia kwamba anayefikiri ni mtu huyu hapa, mwenye mwili wake na roho yake. Na roho kwake haikai mwilini kama nahodha ndani ya chombo, bali ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Ukiamini hivyo, mtu aliye mbele yako hastahili kuburuzwa, anastahili kupewa sababu. Ndiyo maana mseminari wa Tanzania husoma falsafa kwanza, tuseme Kibosho au Ntungamo, kabla ya kwenda Segerea au Kipalapala kusoma teolojia. Kanisa lenyewe limetaka imani iikute akili imekwisha kuamka.

Lakini ufundi si kinga. Katika juzuu aliyoiandika Paris mwanzoni mwa miaka ya 1270, Thomas anauliza kama wazushi wavumiliwe. Jibu lake ni kwamba mzushi aonywe, na akishupaa, Kanisa limtenge na kumwachia mtawala auawe. Sioni namna ya kulipamba jibu hilo. Ila rudi juu kidogo ya ukurasa. Miongoni mwa mapingamizi aliyoyaorodhesha mwenyewe, la tatu ni mfano wa ngano na magugu: bwana wa shamba aliwakataza watumishi kuyang'oa magugu, akataka yaachwe yakue hadi mavuno. Amelieleza wazi, bila hila, na jibu alilolipa ni dhaifu kuliko pingamizi lenyewe. Msomaji yeyote makini ataona.

Tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko juu ya uhuru wa dini, Dignitatis Humanae. Tamko hilo linaujenga uhuru huo juu ya hadhi ya binadamu, inayojulikana kwa ufunuo na kwa akili pia, na linayataja magugu yaleyale yaliyoachwa hadi mavuno. Pingamizi la tatu lilikuwa limeshinda. Thomas angalikuwa mwandishi wa kuwachafua wapinzani wake, asingalilihifadhi.

Vitabu vingi vya kiada vilivyotungwa kwa jina lake baadaye vilirithi majibu na kuutupa ufundi. Mpinzani akawa mstari mmoja, amekosea kabla hajafungua kinywa. Usianzie huko. Itafute makala ya tatu ya swali la pili, sehemu ya kwanza ya Summa, ile ya kuwapo kwa Mungu. Soma hoja mbili za mwanzo, kisha funika ukurasa uliobaki kwa kiganja ujaribu kuzijibu mwenyewe, uwe unaamini au huamini.