Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kuisoma Upya Methali Yetu ya Mgeni

Methali ya mgeni na jembe tunaijua wote. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Shuleni tuliifundishwa kama methali ya bidii ya kazi, tukajibu mtihani, tukapita. Mimi naomba tuisome tena, safari hii kama andiko la kisiasa, kwa sababu nadhani hakuna sentensi ya Kiswahili inayoeleza vizuri zaidi jinsi Tanzania ilivyowapokea watu waliokimbia vita Burundi, Rwanda na Kongo. Inaeleza uzuri wetu, na inaficha mengine.

Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa. Hakuwa anazungumzia wakimbizi. Hoja yake ilikuwa kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alifanya kazi, hata mgeni, kwa hiyo mnyonyaji hakuwa na nafasi. Miaka 10 baadaye wageni wenyewe wakaja. Mwaka 1972 serikali ya Micombero ilifanya mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, hasa wenye elimu, na makumi ya maelfu wakavuka kuja kwetu. Walipelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Walikuta pori. Wakagawiwa mashamba, wakalima, na baada ya miaka kadhaa wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Nyerere alipewa tuzo ya Nansen kwa kazi hiyo. Methali ilikuwa imegeuka sera, na sera ilifanya kazi. Tuwe wakweli, nchi chache duniani zinaweza kusema hivyo.

Sasa turudi kwenye maneno yenyewe. Methali ina watu wawili, lakini mmoja tu ndiye anayetajwa. Mgeni tunamwona, na jembe tunaliona. Mwenye nyumba hatajwi, na ndiye anayehesabu siku, ndiye anayeamrisha “mpe”. Mgeni hasemi kitu. Halafu hesabu inaishia siku ya tatu. Siku ya nne je? Mwaka wa thelathini je? Methali haina mahali ambapo mgeni anaacha kuwa mgeni. Ule utenzi mrefu wa mgeni ambao wengi tunaujua ndio unaoendelea kuhesabu, na huko mwisho wake ni kipigo na kufukuzwa.

Kitabu kilichonifanya nione pengo hili ni *Purity and Exile* cha mwanaanthropolojia Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995. Malkki alifanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 katika sehemu mbili: makazi ya Mishamo na mji wa Kigoma. Watu walikuwa wale wale, waliokimbia mauaji yale yale, lakini alikuta dunia mbili. Mishamo, ambako serikali iliwakusanya pamoja, watu walishikilia sana ukimbizi wao na Uhutu wao. Walisimulia historia ya taifa lao kama maandiko matakatifu, wakisubiri siku ya kurudi. Mjini Kigoma, walikojichanganya na wenyeji, wengi hawakutaka kabisa kuitwa wakimbizi. Leo mtu ni Mrundi, kesho Muha, kesho kutwa ni mtu wa Kigoma tu, ana biashara yake sokoni na anaendelea na maisha.

Ni kitabu kizuri sana, ingawa nina ugomvi nacho. Masimulizi ya Mishamo yamepangwa kwa namna inayofanya watu wengi wasikike kama mtu mmoja. Na mwenyeji, yule jirani Mtanzania aliyeuza chumvi, aliyeoa binti wa Kirundi au aliyemwita mwenzake mkimbizi kwa dharau, hasikiki vya kutosha. Anabaki kivuli kama mwenye nyumba wa methali. Lakini fundisho kubwa linabaki: namna unavyompokea mtu inaamua atakuwa nani. Ukimweka peke yake porini atajijenga kuwa taifa peke yake. Ukimwacha aishi mtaani atakuwa jirani.

Hatukulisikia fundisho hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Ndani ya umati ule kulikuwa na familia zenye hofu, na kulikuwa na watu waliotoka kuua. Miti ikakatwa kwa kuni, visima vikaelemewa, wanavijiji wa Kagera wakabeba mzigo ambao hawakuulizwa kama wangeuweza. Pia wapo waliofaidika, waliopata vibarua wa bei ya chini na soko la ndizi zao. Machi 1995 serikali ikafunga mpaka na Burundi. Desemba 1996 Wanyarwanda wakaambiwa warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na jeshi likasimamia. Sheria mpya ya wakimbizi ya mwaka 1998 ikaimarisha utaratibu wa kambi, na kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali kukawa kosa.

Hapo ndipo jembe liliponyang'anywa. Mgeni anakatazwa kulima, anakatazwa kufanya kazi nje ya kambi, anapewa mgao wa chakula, halafu tunamlaumu kwamba anakula bure. Methali yetu imepinduliwa kichwa chini, miguu juu, na bado tunaitaja kwenye hotuba kana kwamba ndiyo tunayoifuata.

Najua jibu litakalotoka, na ni jibu zito. Kwani sisi ndio tulioanzisha vita hivyo? Nchi tajiri zinafunga milango, wafadhili wanapunguza mgao, halafu mwandishi anakuja kuisema Kigoma! Nakubali. Mkulima wa Kasulu hana deni kwa mtu wa Ulaya anayemfundisha ukarimu. Lakini lawama kwa tajiri haijibu swali la kwa nini tulimkataza mgeni kujilisha. Jembe lingempunguzia mzigo huyo huyo mkulima wa Kasulu.

Na tuna ushahidi wa kwetu kwamba inawezekana. Mwaka 2007 serikali ilianza mpango wa kuwapa uraia Warundi wa 1972, na watu zaidi ya 160,000 waliupata, ingawa wengi walisubiri vyeti mpaka mwaka 2014. Hapa taifa lilivuka methali yake, likaandika siku ya nne. Mwaka uliofuata maelfu ya Warundi wapya walirundikana kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Tanganyika, kipindupindu kikawaua wengine, na MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma. Hawa walipelekwa kambini. Januari 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa kimataifa uliolenga kuwajumuisha wakimbizi na wenyeji.

Mwaka 2021 tulishangilia Nobel ya Abdulrazak Gurnah. Katika riwaya yake *By the Sea*, mzee Saleh Omar wa Zanzibar anafika uwanja wa Gatwick kwa jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza, na ofisa anamnyang'anya kijisanduku chake cha udi. Ofisa huyo mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania. Tukisoma ukurasa ule wote tuko upande wa mzee. Tunamsamehe uongo wa jina, tunamchukia ofisa. Je, Mrundi anayefika Manyovu na kujiita Muha tunamsoma kwa huruma hiyo hiyo? Pale ofisa ni sisi.

Hata neno lenyewe linatusaliti. Mkimbizi ni mtu anayekimbia. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuna vijana waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao. Hawajawahi kukimbia popote. Wengi wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Tunaendelea kuwaita wakimbizi kwa sababu hatuna neno jingine, na hatuna neno kwa sababu hatujaamua wao ni nani kwetu.

Waandishi wa Kiswahili, kazi ipo hapo. Naitaka riwaya ya mtoto wa Nyarugusu, iliyoandikwa na yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake chenye Kibembe ndani. Na naitaka ya jirani yake wa Makere pia, ili mwenye nyumba naye hatimaye afungue mdomo.